Ikungi, ambako vifaranga hulala chumba kimoja na watoto

Basi la kutoka Dodoma likishapita Manyoni, barabara hunyooka kati ya vichaka na mashamba ya alizeti, na kwa muda mrefu hakuna kinachobadilika dirishani. Halafu matenga yanaanza kuonekana. Moja chini ya mti, mawili kwenye kibanda cha nyasi, mengine matano yamepangwa pembeni ya lami, yote yamejaa kuku. Boda boda inapita na kuku wamening'inia pande zote mbili za usukani, miguu imefungwa, vichwa chini. Mtu aliyekulia Dar es Salaam kama mimi anamjua "kuku wa Singida" akiwa sokoni, bei yake ikiwa juu na muuzaji akiapa kwamba huyu siyo wa kisasa. Huku ndiko anakotoka.

Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni jua, vumbi na upepo. Watu hulima mtama, uwele, alizeti na vitunguu, lakini mvua ikikataa, shamba halina la kujitetea. Kuku hata mwaka mbaya anapekua, anaokota, na ada ya mtihani inapotakiwa Jumatatu asubuhi anakamatwa Jumapili jioni. Ng'ombe na mbuzi kwa kawaida ni mali ya baba. Kuku ni wa mama, na wakati mwingine ndiyo mali pekee anayoweza kuiuza bila kuomba ruhusa.

Nilikwenda kijiji kimoja cha wilaya ya Ikungi mwezi Juni kuandika habari za lishe ya watoto. Nilikaa siku tano, na siku nne kati ya hizo watu walitaka kuzungumza habari za vifaranga. Mwanzoni niliona wananichelewesha. Baadaye nikaelewa kwamba hatukuwa tumetoka nje ya mada.

Juni huku ni baridi. Singida iko juu, na usiku upepo unakatiza uwanda bila cha kuuzuia isipokuwa yale mawe makubwa yaliyopandana ambayo mgeni huyapiga picha na mwenyeji huanikia nguo. Mwenyeji wangu, mama wa watoto watatu, anaishi na mama mkwe wake katika nyumba mbili zinazotazamana. Yake ni ya matofali na bati. Ya bibi ni tembe ya zamani, paa bapa la udongo, kuta nene, ndani giza na joto. Kuku wote hulala kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Inama, utagonga kichwa."

Ndani ya tembe, kwenye kona iliyo mbali na mlango, kulikuwa na vyungu viwili vilivyovunjika midomo, vimezikwa nusu ardhini. Katika kila chungu kuku alikuwa amelala, ametandaza mbawa, macho yake hayaniachi. Siku hiyo ilikuwa ya 19 tangu waanze kuatamia. Kuku mmoja alikuwa na mayai 12, wa pili 11.

Nilimuuliza bibi kwa nini wote wawili wameanza siku moja. Akacheka. Kuku hawaanzi siku moja, wanaanzishwa. Tetea wa kwanza alipopata joto la kuatamia, bibi hakumpa mayai yake. Alimwekea mawili yaliyochemshwa akalala juu yake kama mjinga, siku sita nzima, mpaka wa pili naye akatulia kiotani. Ndipo usiku mmoja akayaondoa ya uongo na kuwawekea wote wawili mayai mazima. Siku 21 zikihesabiwa kutoka usiku huo, vifaranga wote hutoka pamoja. Kisha wote hupewa mama mmoja, na yule wa pili anarudi kutaga.

Hesabu yake ni hii. Kuku wa kienyeji akiachwa kwa desturi yake hutaga mayai 12 hadi 15, huatamia wiki tatu, halafu hutembea na vifaranga miezi miwili au mitatu kabla ya kufikiria kutaga tena. Kwa mwaka ni mizunguko kama mitatu. Akinyang'anywa vifaranga mapema, mizunguko inaweza kufika minne au mitano. Bibi hajui kusoma, lakini hesabu hii ameifanya kabla maofisa ugani hawajaanza kuifundisha kwenye semina.

Mayai aliyoweka aliyachagua. Hakuweka makubwa kupita kiasi wala madogo, wala yenye ganda lenye nyufa au lililokwaruza. Hayakuoshwa, kwa sababu yai lililotagwa lina utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya vitundu vya ganda, na maji huuondoa. Yalikuwa yamekaa kwenye bakuli la pumba mahali pa ubaridi, ncha nyembamba chini, na hakuna lililozidi siku saba au nane. Yai likizeeka, uwezo wake wa kutotolewa unashuka siku hadi siku hata kama kwa kula halina ubaya. Na lazima pawe na jogoo, jambo ambalo bibi aliona halina haja ya kusemwa, ila akalisema kwa sababu mimi ni mtu wa mjini.

Siku ya saba usiku mkwewe alikuwa ameyapima kwa tochi ya simu. Yai linashikwa upande butu kwenye mwanga, chumba kikiwa giza. Lenye mbegu linaonyesha doa jeusi na mishipa myekundu imetawanyika kama buibui. Lisilo na mbegu linang'aa tupu. Lililokufa mapema lina duara la damu. Aliondoa matatu, na hayo 23 ndiyo yaliyobaki. Yai viza likiachwa chini ya kuku linaweza kupasuka na kuyaharibu yaliyo hai.

Chini ya viota kulikuwa na mchanga, juu yake nyasi kavu na majivu kidogo. Majivu ni kwa ajili ya utitiri, ambao ukimvamia kuku anayeatamia humnyonya damu mpaka anakimbia mayai. Wengine huchanganya na majani ya tumbaku. Mara moja kwa siku kila kuku hutoka, hula, hunywa, hujisaidia, hujigaragaza vumbini, kisha hurudi ndani ya dakika 15 au 20. Maji na chakula viko karibu ili asitangetange. Kwenye hewa kavu kama ya huku, bibi hunyunyizia mchanga wa kiota matone machache ya maji siku za mwisho. Ndani ya yai, utando ukikauka sana kifaranga hushindwa kugeuka na kutoka. Mtengenezaji wa mashine atakwambia kitu hichohicho kwa asilimia za unyevu.

Mashine nayo ipo kijijini. Hatua 100 hivi kutoka kwa bibi anaishi kijana mmoja, fundi simu, mtoto wa shemeji yake, aliyenunua mashine ya kutotolesha mayai 60. Ni sanduku lenye balbu, feni ndogo, kipima joto na tundu la kuchungulia. Alinionyesha kwa fahari na ana haki ya kujivuna. Joto ni nyuzi 37.5 hadi 37.8. Unyevu ni kama asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, halafu unapandishwa hadi karibu 65 au 70. Mayai hugeuzwa mara kadhaa kwa siku ili kijusi kisigande kwenye ganda. Kuanzia siku ya 18 hayaguswi tena, kwa sababu kifaranga ameshaanza kujiweka sawa, kichwa kuelekea upande wenye hewa. Kuku hufanya hayo yote bila kipima joto, ila kuku hawezi mayai 60.

Kijana huyu ndiye aliyebadilisha safari yangu, kwa habari aliyonisimulia akiwa amekaa juu ya ndoo, mkewe mjamzito akisuka ukili pembeni.

Mwezi uliotangulia alitotolesha vifaranga 41, mara yake ya kwanza. Mashine inatotolesha tu, hailei. Kifaranga akitoka ganda hana manyoya ya kumkinga, ana malaika tu, na kwa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Wiki ya pili linapunguzwa kama nyuzi tatu, na ya tatu hivyohivyo, mpaka aote manyoya. Yeye alikuwa na balbu moja, na umeme ulikuwa ukikatika. Akafanya kinachofanywa na watu wengi. Akatia mkaa kwenye chungu, akafunika kwa majivu ili joto lidumu, akakiweka katikati ya boksi la vifaranga. Boksi liliwekwa chumbani wanakolala, maana nje kuna baridi na kicheche. Mlango ulifungwa. Dirisha lilizibwa kwa gunia, upepo usipige vifaranga.

Usiku wa pili mkewe aliamka anatapika, kichwa kinampasuka, miguu haina nguvu. Mume naye kichwa kilikuwa kizito. Wakafungua mlango ili akatapike nje. Asubuhi vifaranga tisa walikuwa wamekufa, wamelala ubavu kuzunguka chungu. Wakasema ni ugonjwa wa kuku, na mke ana malaria, tena mimba ya miezi saba. Zahanati wakampima, malaria hakuna. Kichwa kilikuwa kimeanza kupoa njiani. Muuguzi akakaa kimya kidogo kisha akauliza swali ambalo kijana analikumbuka neno kwa neno: "Mnalala na nini chumbani?"

Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi wa kuni. Na majivu yanayofunika mkaa hayaizuii. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba kisichotakiwa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchoka na usingizi mzito. Ndiyo maana hufananishwa na malaria, uchovu au ujauzito. Mtu aliyelala anaweza asiamke kabisa. Mtoto aliye tumboni yumo hatarini kuliko hata mama yake, kwa kuwa damu yake huishikilia hewa hiyo kwa muda mrefu zaidi.

Yule mama aliokolewa na kutapika. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Kama asingeamka, na mlango usingefunguliwa, naamini ningekwenda kijijini kuandika habari nyingine.

Anayekutwa na hali hiyo atolewe nje mara moja kwenye hewa safi, milango na madirisha yafunguliwe, na apelekwe kituo cha afya hata kama anajisikia nafuu, hasa mjamzito, mtoto mdogo na mzee. Na aseme wazi kwamba alilala na mkaa. Si kila muuguzi atauliza.

Nimewahi kusikia matangazo mengi yakiwaambia watu wasilale na jiko la mkaa. Sijasikia hata moja lililotaja vifaranga. Lakini vijijini, na mijini pia kwenye vyumba vya kupanga, nani anawasha mkaa chumbani usiku kucha kwa makusudi? Mtu mwenye vifaranga. Vitabu vingi vya ufugaji vinaeleza namna ya kutumia chungu cha mkaa, na vingine vinaongeza kwamba hewa ipite. Havisemi kuhusu anayelala pembeni.

Baada ya tukio hilo bibi alimwita kijana akamkalisha chini. Hakumgombeza sana. Alimwambia: mayai yako mengine yaweke siku nitakayowawekea kuku wangu. Kijana alifikiri ni imani za wazee, akatii tu kwa heshima. Ndiyo sababu nilipofika Ikungi, mayai 48 kwenye mashine yalikuwa nayo yamefika siku ya 19.

Siku ya 20 jioni bibi aliniita nisikilize. Nikainamisha sikio karibu na kuku, akanung'unika lakini hakunidonoa. Mlio mdogo ulikuwa ukitoka ndani ya yai, na kuku akiujibu kwa sauti ya kooni ambayo sijawahi kuisikia kwa kuku mwingine yeyote. Ganda bado zima. Kifaranga kwanza hutoboa utando wa ndani na kuvuta hewa iliyo upande butu. Kisha hugonga ganda kwa kijino kidogo cha mdomoni, ambacho huanguka siku chache baadaye. Kutoka ufa wa kwanza hadi kutoka kabisa kunaweza kuchukua hata siku nzima. Watoto wa nyumba walitaka kusaidia kubandua. Bibi aliwapiga vidole. Mishipa ya damu ya ndani huwa bado inanyonywa na kiini kinaingia tumboni, hivyo ukimbandua mapema atavuja damu au atakufa kitovu wazi. Kiini hicho ndicho chakula chake cha siku mbili za mwanzo. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa kwenye maboksi kutoka mikoa ya mbali bila kula na bado wakafika wazima.

Usiku wa siku ya 21, kama saa tatu, umeme ulikatika.

Kijana alikuja na tochi, anahema. Kwenye mashine vifaranga 17 walikuwa wameshatoka na kukauka, wengine wakigonga maganda. Joto lilikuwa linashuka. Mkaa ulikuwepo, jiko lilikuwepo, na ule ubaridi wa Juni ulikuwa unaingia hadi kwenye mifupa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, hasemi kitu. Nadhani sote tulikuwa tunawaza jambo moja.

Bibi aliomba kikapu. Vifaranga wake waliokwisha kutoka, 19 kwa jumla ya viota vyote viwili, aliwaweka kwa tetea wa kwanza, mmoja mmoja, akiwasukuma chini ya mbawa kwa mgongo wa mkono. Kwa tetea wa pili, aliyebaki na maganda matupu na mayai manne yaliyokufa, aliweka wale 17 wa mashine. Gizani kuku hahesabu wala hachagui. Akihisi miguu midogo tumboni na kusikia mlio, anafungua mbawa. Asubuhi huwa ameshawakubali kama aliowaatamia. Mchana angeweza kuwadonoa mpaka wafe.

Mayai yaliyobaki ndani ya mashine tulifanyia kazi nyingine. Chupa za maji za plastiki zilijazwa maji ya moto, yasiyochemka, zikapangwa pembeni ya mayai, na sanduku likafunikwa kwa blanketi, tundu za hewa zikiachwa wazi. Chupa zilibadilishwa kila baada ya saa moja na nusu hivi. Moto ulikokwa nje, jikoni. Kijana na mkewe walipeana zamu, nami nilishika moja. Hadi jua linachomoza walitoka tisa zaidi. Mengine hayakutoka. Kati ya mayai 48 alipata 26, na alikuwa amekunja uso, akitaja bei ya mayai aliyonunua. Sikumlaumu. Ila chumba chake usiku ule kilikuwa na hewa safi.

Kuku si jibu la kila kitu. Tetea mmoja hawezi kufunika vifaranga 60, na asiye na tetea anayeatamia siku hiyo atafanyaje? Wafugaji wa Kenya wamekuwa wakitumia boksi lisilo na moto: boksi la mbao au maboksi mawili moja ndani ya jingine, katikati nyasi kavu au matambara, juu kifuniko laini kilichoshuka karibu na migongo ya vifaranga, na tundu za hewa. Vifaranga hupashana joto la miili yao. Inafaa wawe wengi wa kutosha na boksi lisiwe kubwa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa husaidia usiku wa baridi kali. Mwenye umeme wa uhakika atumie balbu. Na anayelazimika kutumia mkaa, banda la vifaranga liwe nje ya nyumba wanakolala watu, lenye nafasi ya hewa juu. Kipimo cha joto usikitafute mbali. Vifaranga wakijirundika wanasikia baridi. Wakikaa mbali na chanzo cha joto huku wanahema midomo wazi, limezidi. Wakitawanyika wanakula, liko sawa.

Siku zilizofuata zilikuwa za maji na pumba. Maji safi kwenye kisahani chenye vijiwe, ili kifaranga asizame. Chakula cha kuanzia cha dukani kama fedha ipo. Kwa bibi ilikuwa chenga za mtama, mashudu ya alizeti yaliyotwangwa, dagaa kidogo, na mchwa waliotegwa kwa chungu chenye kinyesi cha ng'ombe kilichoinamishwa juu ya kichuguu. Tenga lilifunikwa juu ya vifaranga mchana, mama yao akiwa amefungwa mguu karibu, maana mwewe wa Ikungi hana mchezo.

Hapo nikarudi kwenye kazi iliyonileta. Mtoto wa mwisho wa mwenyeji wangu ana miezi 11. Anatambaa palepale vifaranga wanapokula, na kila anachookota kinaishia mdomoni. Watafiti waliokaa na familia za vijijini Zimbabwe na kuwatazama watoto wachanga kwa saa kadhaa waliwaona wakila udongo na hata kinyesi cha kuku. Kinyesi hicho hubeba bakteria kama salmonela na kampilobakta, na kifaranga mzima kabisa anaweza kuwa nao. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hanenepi hata akila vizuri. Mama alichukua mkeka wa zamani na kumtengea upande wa kivuli wenye uzio wa miti, kuku wasifike. Mikono inaoshwa kwa sabuni kila anayeshika kifaranga. Kuwabusu, kama wale wakubwa walivyokuwa wakifanya, kukapigwa marufuku, na malalamiko yakawa makubwa.

Kadi ya kliniki ya mtoto huyo ilionyesha mstari wa uzito umelala miezi miwili mfululizo. Kitaifa, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Muuguzi alimshauri mama ampe yai. Mama alikuwa na mayai 26 wakati ule, na yote yakaenda chungu cha kuatamia.

"Dada, yai moja nikimpa leo nimekula kuku wa Desemba," aliniambia. "Na Desemba mkubwa anaingia sekondari."

Bibi naye alikuwa na neno lake. Zamani, alisema, mtoto hakupewa yai, angechelewa kusema, na mjamzito hakula yai kabisa. Miko hii nimeisikia mikoa mingi, na haina ukweli. Yai lina protini kamili, madini na vitamini ambazo uji wa uwele peke yake hauna. Utafiti uliochapishwa 2017 kutoka Ecuador ulionyesha kwamba watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita walipungukiwa udumavu kwa karibu nusu. Uliporudiwa Malawi haukutoa matokeo hayo, pengine kwa sababu watoto wengi wa kule walikuwa wakila samaki. Kwa hiyo sitamwambia mama yeyote kwamba yai ni dawa ya udumavu. Lakini watoto wa Ikungi niliowaona hawali samaki, na kati ya uji mtupu na uji wenye yai lililopikwa likaiva vizuri, jibu linajulikana.

Waliafikiana wenyewe, mimi nikiwa jikoni. Tetea aliyeachiwa kutaga atatagia watoto. Mayai yake hayatawekwa chunguni hadi msimu mwingine. Bibi alikubali kwa sharti kwamba jogoo asichinjwe kwa ajili ya mgeni. Mgeni nilikuwa mimi, na nilikula mlenda kwa furaha.

Jambo la mwisho lililozungumzwa lilikuwa mdondo. Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa saba au wa nane, ugonjwa huu unaweza kufagia kuku wa kijiji kizima ndani ya wiki: shingo inapinda, kinyesi cha kijani, kisha kimya. Hauna tiba. Watu huwapa kuku pilipili, shubiri, na mara nyingi vidonge vya binadamu vya rangi mbili vinavyobomolewa kwenye maji. Hivyo ni viuavijasumu, na mdondo unasababishwa na virusi. Havimsaidii kuku. Vinachofanya ni kuzoesha bakteria dawa ambazo kesho yule mtoto wa miezi 11 atazihitaji, na mabaki yake hupita kwenye yai na nyama kabla muda wa kusubiri haujaisha.

Chanjo ipo. Ile inayovumilia joto, iitwayo I-2, hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hupewa kuku wazima tu, kabla ugonjwa haujaingia. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, kwa hiyo mwenye kuku kumi akinunua peke yake, nyingi humwagwa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Asubuhi ya kuondoka kwangu kaya sita zilikuwa zimechanga. Kijana fundi simu alipewa fedha, maana ndiye mwenye pikipiki, akafuate kichupa dukani Singida mjini na kumpitia mtaalamu wa mifugo wa kata aulize pia habari za Gumboro. Mkewe aliandika majina kwenye daftari: kaya, idadi ya kuku, idadi ya vifaranga. Alipofika kwa bibi akauliza aandike wangapi. Bibi akanyanyua tenga, akahesabu polepole kwa kidole, akapoteza hesabu walipokimbia, akaanza tena.

"Andika 34," akasema. "Wawili usiku wamekanyagwa."